Mbwa wangu mkubwa anatembea kama ngamia ulingoni. Nifanyeje?

SWALI: Nina mbwa dume wa aina ya Great Dane, anaitwa Jahazi, ana miaka 2 na miezi 3, kilo 61. Mwezi uliopita nilimpeleka Nairobi kwenye maonyesho yake ya kwanza. Akisimama kila mtu anamtazama. Tulipoambiwa tuzunguke ulingo ndipo mambo yakaharibika: alikuwa akiyumba huku na huku, na jaji akaniambia kwa upole kwamba mbwa wangu anatembea kama ngamia. Nikavuta kamba juu kama ninavyoona kwenye YouTube, ikawa vibaya zaidi. Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 2, na mbio si zangu. Tatizo ni mbwa, ni mimi, au nimpe tu mpwa wangu mrefu amshike? (Dama, Nyali, Mombasa)

JIBU: Dada Dama, jaji hakukutukana. Alilitaja kosa lenyewe, na kwa bahati nzuri wewe unaishi mahali ambapo somo lake linapita mlangoni. Ngamia wa watalii unawaona ufukweni kila siku. Safari hii usimtazame aliyepanda, tazama miguu. Mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kulia huenda pamoja, kisha miwili ya kushoto. Uzito wote unahamia ubavu mmoja, halafu wa pili, ndiyo maana aliye juu huyumba kama yumo kwenye mashua siku ya kusi.

Ulingoni mbwa anatakiwa aende mwendo mwingine. Mguu wa mbele wa kulia hupiga pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto na wa nyuma wa kulia. Mapigo ni mawili, mshazari kwa mshazari, na mgongo unabaki umetulia. Kamusi za zamani huuita mwendo huo matiti, neno la watu wa farasi na punda, lakini ukilitamka leo mbele ya vijana somo limekwishia hapo. Nitasema troti, kama wasemavyo watu wa maonyesho.

Kwa nini mbwa wakubwa ndio wanaoponzwa na mwendo huu wa ngamia, ambao nitauita ungamia? Sababu kubwa ni sisi tunaowashika. Mtu wa kimo chako akitembea haraka haraka, mwendo huo kwa mbwa kama Jahazi si kutembea wala si troti, umeangukia katikati. Kwa hatua za taratibu ni kasi mno, kwa troti ni uzembe. Mbwa mwenye miguu mirefu na mgongo mfupi akibanwa hapo, mguu wake wa nyuma unatishia kuukanyaga wa mbele, basi anatafuta njia rahisi: anaipeleka miguu ya ubavu mmoja pamoja ili isigongane. Mwendo huo haumchoshi, na akiuzoea katika matembezi ya kila jioni atauleta Nairobi vilevile. Nina hakika karibu kabisa kwamba Jahazi alijifunza ungamia kwenye barabara za Nyali, si ulingoni.

Kwa hiyo kasi ni ya mbwa, na wewe ndiye unayeifuata. Kasi hiyo hukisii. Unaitafuta kwa kupima. Mimi niliipima ya dume wangu wa kwanza kwa slipa. Niliweka slipa mbili chini, hatua 20 ndefu kati yake, nikampa binti yangu simu achuchumae pembeni, kamera ikiwa usawa wa kifua cha mbwa, arekodi kwa mwendo wa polepole. Tulipita mara sita. Nilipotumia sekunde 9 kutoka slipa hadi slipa, alikuwa ngamia mtupu. Kwa sekunde 7 miguu ikashikana mshazari, mgongo ukanyooka kama meza. Kwa sekunde 6 akaanza kurukaruka akitaka kupiga shoti. Tofauti ya ufundi na aibu ilikuwa sekunde 2, na kwa macho yangu nilipokuwa nakimbia naye sikuona chochote. Namba za Jahazi zitakuwa zake, usichukue zangu. Ukishaipata kasi yake, itembee peke yako bila mbwa mpaka miguu yako iikariri, kama mpiga ngoma anavyojua pigo kabla hajashika fimbo.

Ufukwe nao ni daftari. Mchanga mkavu achana nao, unachosha mishipa ya miguu bure. Nenda kwenye mchanga mbichi mgumu maji yakiwa yametoka. Siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshawaka na watu wamejaa, kwa hiyo zako ni siku za maji mafu, ambapo maji hayajai wala kutoka sana, lakini kunapopambazuka huwa yametoka. Kimbia naye mita 30 mstari ulionyooka, kisha mfunge kando urudi usome nyayo. Akiwa kwenye troti safi, utaona unyayo wa nyuma umeingia ndani ya ule wa mbele au karibu yake, na kadiri kasi ilivyopanda ndivyo mistari miwili ya nyayo ilivyosogeleana kuelekea katikati. Akiwa ngamia, mistari hubaki imeachana. Ukiona nyayo za nyuma zimepita zote upande mmoja wa zile za mbele, kama kaa, basi anakimbia amepinda. Mara nyingi ni kwa sababu unamvutia kichwa kwako, au anautazama mkono wako wenye vipande vya maini vya kumtuza. (Saa hizo kuna watu wanaotoka msikitini na wavuvi wanaoteremka. Fupisha kamba wakipita. Wengi hawataki pua ya mbwa iguse kanzu, na ni haki yao.)

Sasa kamba, maana hapo ndipo ulipoharibu zaidi. Kipimo cha Kennel Club ya Uingereza kwa Great Dane, yaani maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina hiyo anavyotakiwa kuwa, kinataka mbwa anayekimbia kwa wepesi, kama ana springi, anayekula ardhi, kichwa kikiwa juu. Watu wanasoma “kichwa juu” wanafika nyumbani kumning'iniza mbwa. Ukiivuta kamba juu, miguu ya mbele inapoteza uzito, inaanza kupiga hewa badala ya kufika mbele, na mgongo unavunjika katikati. Kilo 61 haziwezi kubebwa na mkono wako, ila zinaweza kuharibiwa nao. Kichwa kinatakiwa kibebwe na shingo yake mwenyewe. Na kwa kasi ya troti kitashuka kidogo na kwenda mbele kidogo. Ni kawaida, jaji mzuri analijua hilo.

Weka mnyororo mwembamba au kamba laini juu shingoni, nyuma ya masikio na chini ya taya, hapo mbwa anasikia hata kidole. Kinachobaki cha kamba kikunje ndani ya kiganja, kisining'inie. Kiwiko kiwe karibu na mbavu zako, mkono uwe laini. Kumbuka ulivyorusha tiara utotoni: uzi haukulegea, lakini pia hukuuvuta, ulikuwa unausikia tu. Kamba ya ulingoni ni hivyo hivyo.

Akiingia kwenye ungamia katikati ya mwendo, usimkokote. Mwinue kidogo kwa kamba mara moja, kama kumgonga mtu begani, na papo hapo ongeza kasi hatua tatu. Ile inua inamvuruga mpangilio wa miguu, na kasi inampa mahali pa kuupanga upya. Akikataa, zungusha duara dogo mara moja kisha uondoke upya. Jaji akikutuma uende na urudi, hata ulingoni unaruhusiwa kumgeuza mara moja ili kumweka sawa kabla ya kuondoka. Ni afadhali sekunde 3 za kujipanga kuliko kwenda na kurudi ukiwa na ngamia.

Nyumbani mtengenezee vizingiti. Chukua paipu sita za plastiki au miti ya fagio, zipange sambamba, umbali kati ya moja na nyingine ukianzia karibu na urefu wa bega lake, yaani sentimita 80 hivi, ziwe chini tu au zimeinuliwa sentimita 10. Mpitishe juu yake kwa kasi ya wastani. Kwa ungamia hatazipita bila kugonga. Miguu yenyewe itatafuta mshazari. Dakika 10, siku nne kwa wiki, zinatosha. Mteremko mpole wa kupanda nao unasaidia. Hilo nalisema kwa sababu Jahazi ameshapita miezi 18. Mtoto wa mbwa mkubwa ambaye mifupa bado haijafunga usimkimbize kwa lazima, wala usimrushe juu ya kitu, hata kama miguu yake inakutia aibu. Wengi hupita kipindi cha ungamia wakati nyuma imerefuka kabla ya mbele, kisha wanaacha wenyewe.

Kabla ya mazoezi yote hayo, lakini, mkague. Mbwa anayeumwa nyonga, goti au mgongo huchagua ungamia kwa sababu haumuumizi. Tazama kucha za nyuma: zimelika juu, upande wa mbele, kana kwamba anaziburuta sakafuni? Akigeuka kwa ghafla, nyuma inapepesuka kama mlevi? Great Dane ni miongoni mwa aina zinazopatwa na ugonjwa wa pingili za shingo kubana uti wa mgongo, na dalili zake huanzia nyuma hivyo hivyo. Ukiona moja kati ya hizo, slipa na paipu ziweke, nenda kwa daktari wa mifugo kwanza. Kucha ndefu nazo hubadili mwendo, na hizo utazikata leo jioni.

Si kila mbwa mkubwa anahukumiwa sawa, nawe usije ukamcheka jirani. Kipimo cha Marekani cha Old English Sheepdog kinakubali wazi kwamba mbwa huyo anaweza kwenda mwendo wa ubavu akiwa polepole. Newfoundland huyumba kidogo na wala si kosa. Rhodesian Ridgeback, ambaye kipimo chake kiliandikwa Bulawayo mwaka 1922, aliumbwa kukimbia siku nzima na wawindaji. Yeye ukimwendesha pole unamnyima haki yake. Great Dane, ambaye licha ya jina si wa Denmark bali ni wa Ujerumani, alikuwa mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu. Nguvu pamoja na wepesi, hicho ndicho jaji anachokitafuta akimtazama, na hakionekani akiwa amesimama.

Tuje ulingoni. Mnazunguka kinyume cha saa, mbwa akiwa kushoto kwako, ndani, ili jaji aliye katikati amwone yeye badala ya sketi yako. Hapa kuna hesabu ambayo watu wafupi wanapaswa kuijua: kila mita moja unayokaa mbali na mbwa wako upande wa nje, unakimbia zaidi ya mita 6 za ziada katika kila mzunguko. Ulingo uwe mdogo au mkubwa, hesabu ni ileile. Kwa hiyo msogelee. Nusu mita inatosha kati ya nyonga yako na bega lake. Ukikaa mbali unajichosha, kisha unapunguza kasi, na ukipunguza kasi unamrudisha ngamia.

Ulingo wetu mara nyingi ni wa kamba na vigingi juu ya nyasi, na pembe zake ni kali. Mbwa mdogo hupinda pembe kama baiskeli; Jahazi hupinda kama lori la kontena. Hatua tatu kabla ya pembe punguza kidogo sana, mwache ajikusanye, pinda kwa upana, na ukishatoka nyoosha hatua taratibu mpaka ufike upande anaoutazama jaji. Upande huo mmoja, wa mbwa kuonekana ubavu mzima, ndio mshahara wako. Watu huchoma nguvu zote mwanzoni na kufika hapo wakihema.

Jaji akikutuma uende na kurudi mstari mmoja, anatazama nyuma kisha mbele: kama miguu inakwenda sambamba, kama viwiko vinatoka nje, kama vifundo vya nyuma vinagusana. Chagua kitu upande wa pili, mti au kiatu cha mtu, ukimbilie hicho. Usimtazame mbwa. Macho yako yakishuka, bega lako linashuka, kamba inakaza, na mbwa anapinda kuja kwako. Ukirudi, anza kusimama mita tatu kabla ya jaji, maana kilo 61 hazina breki za ghafla, na mbwa anayemsimamia jaji kwenye vidole huacha kumbukumbu isiyofaa. Akikutuma uende kwa pembetatu, ni yale yale, ila katikati anamwona mbwa ubavu.

Wenzako kwenye mstari nao ni sehemu ya kazi. Kama aliye mbele yako ana mbwa mzito asiyekwenda, subiri afike pembe ya kwanza ndipo uondoke. Ukimkaribia utalazimika kupunguza, na unajua kinachofuata. Aliye nyuma yako akikusukuma, usikimbie kwa ajili yake. Mwambie tu kwa heshima, kabla hamjaanza, kwamba wako anahitaji nafasi. Karani wa ulingo naye anaweza kuwapanga upya.

Hizo video za YouTube unazoziiga, angalia ukubwa wa uwanja. Fainali za Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa kule Birmingham, hukimbiwa kwenye zulia la kijani lenye nafasi ya mbwa kunyooka, na wanaowashika wamefanya hivyo kutwa kwa miaka. Ukitaka kitu cha kuiga, tafuta picha za maonyesho ya mbwa ya Westminster, New York, ya mwaka 2011, aliposhinda Hickory, Scottish Deerhound jike. Ni mbwa mrefu kama wetu. Mtazame mwanamke aliyemshika badala ya mbwa: kamba yake imelegea, hatua ni ndefu, mabega hayapandi wala kushuka. Na kwa wanaokwambia mbwa wakubwa hawashindi, Great Dane alichukua Crufts mwaka 1953.

Futi 5 na inchi 2 si kilema. Mtu mfupi hakimbii kwa kuongeza idadi ya hatua, hapo ndipo anapodundadunda na kumtia mbwa wasiwasi. Anarefusha hatua kutoka kwenye nyonga, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Vaa viatu bapa vya mpira, sketi isiyopepea usoni mwa mbwa au suruali, na toa funguo mfukoni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, wewe na Jahazi mmetoka sifuri. Fikeni siku moja kabla, na msishangae nyote wawili mkihema mapema. Asubuhi ya maonyesho usimpe chakula kizito. Aina hii ndiyo inayoongoza kwa tumbo kujaa hewa na kujipinda, jambo linaloua kwa saa chache, kwa hiyo mlo uwe jioni baada ya kazi, akishapumzika, na ulingoni vipande vidogo tu vya maini makavu. Uingie pia mwenyewe ulingoni bila mbwa kabla hakujaanza, utafute mashimo na mahali nyasi zilipo nene. Mguu ukizama hapo anavunja troti wakati jaji anatazama.

Nimebakiwa na mpwa wako. Jipe wiki sita za slipa, paipu na mchanga. Kama baada ya hapo video bado inaonyesha kwamba kasi ya Jahazi huifikii, mpe kijana kamba bila kinyongo. Mwenye mbwa si lazima awe ndiye anayekimbia, na Marekani kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Lakini lazima afanye mazoezi hayo hayo na mbwa huyo huyo, asikabidhiwe getini. Na siku hiyo wewe usisimame kando ya kamba. Jahazi atakutafuta kwa macho mzunguko mzima, atakimbia amepinda kama kaa, na ukimwita au kumpungia ili ainue masikio, hiyo ni mbwa mmoja kushikwa na watu wawili, mmoja akiwa nje ya ulingo, jambo lililokatazwa kwenye maonyesho. Kaa nyuma ya magari, upande ambao upepo hautoki kwako kwenda ulingoni, na umwombe mtu akurekodie.